Kuuachia Ubao Nafasi

Mlango wa paneli uliotengenezwa vizuri una sehemu moja ambayo haikutiwa gundi wala msumari. Fremu yake, yaani vipande viwili vya kusimama na vile vya kulala vinavyoviunganisha, hushikamanishwa kwa ulimi na tundu, ikatiwa gundi, ikabanwa kwa jiriwa na kuachwa mpaka ishike kabisa. Lakini ule ubao mpana wa katikati, ambao ndio unaotazamwa na kila anayepita barazani, huingizwa tu ndani ya mfuo uliochimbwa kuizunguka fremu kwa ndani, ukaachwa humo ukiwa huru, na kati ya ukingo wake na mwisho wa mfuo hubaki nafasi ya milimita chache ambayo hakuna mtu atakayeiona. Mteja asiyeijua kazi hii akigonga paneli kwa kidole na kusikia inatikisika, huuliza kwa wasiwasi, "Fundi, mbona mlango unacheza?" Nami humjibu, "Mama, hiyo ndiyo salama yake."

Kazi hii ya useremala nimeifanya Majengo, hapa Moshi, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima, na katika yote niliyofundishwa karakanani hakuna lililonisaidia nje ya karakana kuliko hiyo nafasi ya milimita chache. Nataka kueleza kwa nini fundi huiacha, kisha nieleze jinsi nilivyoipeleka nyumbani, kwenye kikoba chetu cha kuweka na kukopa fedha, na kwenye jambo gumu kuliko yote ambalo familia yetu imewahi kulikabili, nalo ni mgawanyo wa kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba ya Mchaga.

Mti ukikatwa leo, huwa umebeba maji kwa namna mbili. Yapo yanayojaa katika matundu ya seli zake, nayo hutoka mapema, na kutoka kwake huupunguzia ubao uzito bila kuugusa ukubwa wake. Yapo pia yaliyonywewa na kuta zenyewe za seli, na haya ndiyo yanayomhusu seremala. Unyevu wa ubao ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao ikiwa kavu kabisa, kuta hizo huanza kuachia maji yake, zikanywea, na ubao mzima ukaanza kusinyaa. Haupungui sawasawa pande zote. Kwa urefu hupungua kiasi kidogo mno ambacho fundi hana haja ya kukihesabu, lakini kwa upana hupungua sana, na kwa kuufuata mzunguko wa pete za mti hupungua karibu mara mbili ya unavyopungua kwa mstari utokao moyoni kwenda kwenye gome. Tofauti hiyo ndiyo inayoufanya ubao ujikunje, kingo zake zikiinukia upande uliokuwa karibu na gome. Ubao wenye upana wa sentimita 30 uliopasuliwa ukiwa mbichi unaweza kupoteza sentimita nzima ya upana huo kabla haujatulia.

Wala kutulia kwenyewe si kwa kudumu. Mbao iliyokauka huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuurudisha, mwaka baada ya mwaka, hata ikiwa imepakwa vanishi na kukaa ndani ya nyumba kwa miaka mingi. Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro tunaliona jambo hili kwa urahisi, kwa sababu mwendo mfupi tu wa daladala hutuhamisha kutoka hali moja ya hewa kwenda nyingine. Mlango uliotengenezwa mjini mwezi wa Januari, wakati jua la Moshi ni kali na vumbi limejaa, ukapandishwa Kibosho au Marangu ambako mvua ni kubwa na kivuli cha migomba hakiruhusu uwanja ukauke, utavimba masika yakiingia. Kama paneli yake ina nafasi, itatanuka ndani ya mfuo na mwenye nyumba hatajua kwamba kuna lililotokea. Kama fundi aliibana kwa gundi na misumari ili isicheze, itaisukuma fremu mpaka viungo vifunguke, na Januari inayofuata itataka kurudi ilikokuwa, ikute imeshikwa pande zote, ipasuke katikati. Nimeletewa milango ya namna hiyo mingi kuirekebisha. Mara nyingi mbao yake ni nzuri na mikono iliyoikata ni mizuri, ila aliyeiunda alitaka kitu kinachobadilika kikae kama kitu kisichobadilika.

Mbao nyingi ninazotumia zinatoka kwenye mlima huu huu. Paina na saipresi hutoka katika mashamba ya miti ya Serikali, kama lile la Kilimanjaro Magharibi. Mgrevilea, ambao asili yake ni Australia, ulipandwa vihambani kama kivuli cha kahawa na sasa umekuwa mbao ya kila siku ya fundi wa hapa. Mringaringa ni mti wa kwetu wenyewe, na ninaupenda kuliko yote kwa sababu rangi yake ya hudhurungi haihitaji kupakwa kitu na kwa sababu ukikauka vizuri hutulia kuliko mgrevilea. Lakini kila mmoja, hata ule ulio mtulivu, una upande ambao utabadilikia, na fundi anaweza kuujua upande huo mapema kwa kukitazama kichwa cha ubao na kusoma pete zinavyopinda.

Watu wakisikia kwamba mimi ni seremala hupenda kuniambia kwamba kazi hii bila shaka imenifundisha subira. Hawajakosea sana, lakini naona wamelishika jambo kwa upande usiofaa. Kungoja peke yake hakukaushi ubao. Zitupe mbao mbichi kwenye majani nyuma ya nyumba, uzingoje miaka miwili kwa subira ya kupigiwa mfano, na utakapozirudia utakuta zimeota ukungu chini, zimepasuka vichwani, na zimejipinda kiasi kwamba hazifai hata kwa kuni za kupanga vizuri. Kukausha ni kazi, na inaanza siku ile ile mbao zinapofika. Unaziinua kutoka ardhini juu ya magogo yaliyosawazishwa. Kati ya safu na safu unaweka vipande vyembamba vya mbao vyenye unene unaolingana, kila kimoja kikisimama sawasawa juu ya mwenzake wa chini, ili uzito wa rundo ushuke kwa mstari mmoja na upepo upite kati ya kila ubao. Vichwa vya mbao, ambako maji hutoka kwa kasi kuliko kwingineko, unavipaka rangi nzito ili visikauke kabla ya sehemu ya katikati na kupasuka. Juu unaweka bati la kuzuia mvua na jua, na juu ya safu ya mwisho unaweka mawe mazito. Ukishafanya hayo ndipo unapoweza kuondoka na kuuachia muda ufanye kazi yake. Subira isiyo na mpangilio wa namna hiyo naiita uzembe, na nimeona watu wengi wema wakiiita hekima.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kihamba.

Baba yetu alipofariki, alituacha watoto wanne na mama. Kaka yetu mkubwa anafanya kazi Dar es Salaam, dada yetu ameolewa Arusha, mimi niko hapa mjini, na mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyekuwa akiishi na wazazi Kibosho. Kwa mila zetu za Kichaga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki katika nyumba ya wazazi, na jambo hilo hakuna aliyelipinga. Lakini kihamba ni zaidi ya nyumba. Kuna kahawa, migomba, miti, ng'ombe, na kipande cha chini ambacho kaka alimsaidia baba kukinunua, na kuna bati la nyumba yenyewe ambalo pia lililipiwa na kaka. Kesho yake baada ya mazishi, kaka akiwa na likizo fupi na tiketi ya basi mfukoni, aliomba mambo yote yagawanywe kabla hajaondoka. Alikuwa na hoja ya kweli: kuwapata watu wote mahali pamoja ni vigumu, na yanayoahirishwa huweza kuoza.

Nilimwendea baba mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kikao, nikamwambia, "Baba, hizi mbao bado mbichi." Alinielewa mara moja, kwa sababu naye alikuwa amepasua mbao ujanani. Watu waliotoka kumzika mzazi jana wanasema maneno ambayo wao wenyewe hawayajui bado. Dada alikuwa akilia na kusema hataki kitu chochote, tugawane sisi wanaume. Mdogo wetu alikuwa akisema yuko tayari kutoa chochote ili watu wasigombane. Kauli hizo mbili zilikuwa nzuri kuzisikia, na kama tungeziandika siku ile zingekuwa mkataba, halafu msimu ungebadilika.

Kwa hiyo tuliahirisha, lakini hatukuahirisha kwa kutawanyika. Baba mkubwa alikataa kikao kifungwe kabla hatujaweka mambo ya kushikilia rundo. Kahawa ingechumwa na mdogo wetu, na fedha zake zingeandikwa kwenye daftari moja ambalo angelitunza dada. Maziwa ya ng'ombe yangekuwa ya mama, na dawa zake za presha tungezinunua kwa zamu. Hakuna ambaye angejenga, angeng'oa mbuni, wala angekata mti mpaka tukutane tena. Na tungekutana Desemba, mwezi ambao Wachaga waliotawanyika kila mkoa hupanda nyumbani hata bila kuitwa. Kaka hakufurahi, lakini alikubali, kwa sababu kila kilichokuwa kinamtia hofu kilikuwa na mtu wa kukishika na tarehe ya kukitolea hesabu.

Nyumbani kwangu somo la paneli limenisaidia kwa njia nyingine. Binti yetu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni, na kila likizo anarudi akiwa mtu tofauti kidogo na yule aliyeondoka, kwa sauti, kwa mavazi, kwa mambo anayoyaamini na anayoyakataa. Mimi na mke wangu tulikaa tukaulizana swali ambalo fundi hujiuliza kabla ya kufungua chupa ya gundi, yaani ni vipande gani vinavyobeba mlango na ni kipi kinachotakiwa kuwa huru. Tuliona kwamba vinavyobeba ni vichache. Lazima tujue alipo. Lazima awe nyumbani kabla ya giza. Lazima amsalimie mkubwa kwa heshima, iwe ni bibi yake wa Kibosho au muuza ndizi wa Mbuyuni, na ada ya shule tunayoitafuta kwa jasho lazima aiheshimu kwa kusoma. Hayo tumeyatia gundi, na hayajadiliwi kila likizo upya. Mengine yote, nywele zake, muziki wake, saa anayopenda kusoma, urafiki wake na ukimya wake wa jioni, tumeyaacha ndani ya mfuo. Yanatanuka na kusinyaa humo. Kuna jirani aliyeniambia kwamba tunamlegezea, nikamweleza kwamba kulegeza kila kitu ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa paneli isiyo na fremu haisimami, huwa ni ubao tu ulioegemezwa ukutani. Uhuru wa katikati unawezekana kwa sababu viungo vya pembeni vimebanwa sana.

Naamini wazazi wengi wanakosea hapa kwa kugeuza mambo. Wanabana kinachoonekana, kwa sababu ndicho majirani wanachokitazama, na wanaacha viungo vyenyewe vilegee kwa sababu hakuna anayevikagua. Mtoto ananyolewa nywele kwa amri ya ukali, ilhali hakuna anayejua jana alikuwa wapi.

Kwenye kikoba chetu mambo yalikuwa mepesi zaidi. Katiba yetu ilitaka kila aliyekopa arejeshe kiasi kile kile kila mwezi. Kwa mwenye mshahara hilo halina shida, lakini zaidi ya nusu yetu tunaishi kwa kahawa, mahindi, ndizi au kazi za mikono, na fedha za watu wa namna hiyo hupanda na kushuka kwa majira. Kila mwaka, miezi ile ile ya masika, wanachama wale wale walikuwa wakipigwa faini, na kila mwaka tulilichukulia kama suala la nidhamu. Nilipendekeza kwamba jumla ya deni na tarehe ya mwisho ya kulimaliza vibaki vile vile bila huruma, ila rejesho la mwezi liweze kushuka hadi nusu katika miezi ambayo mkopaji mwenyewe ameitaja siku ya kukopa, mradi afidie baada ya mavuno. Lilipita baada ya mabishano marefu. Kilichowashawishi wengi ni kwamba mwanachama anatakiwa kuitaja miezi yake mapema. Seremala naye husoma pete akiwa bado na ubao mkononi, mlango ukiwa haujafungwa.

Kabla sijaendelea, lazima niseme pia mahali ambapo ufundi huu unaishia. Ubao hausemi. Ndiyo maana fundi analazimika kuusoma kwa macho, kupapasa nyuzi zake kwa kiganja ili ajue randa ipite upande gani, kwa kuwa ukiipitisha kinyume itazing'oa badala ya kuzilainisha. Mtu anaweza kuulizwa. Nimewahi kukaa na watu wanaojisifu kwamba wanawasoma wenzao kama kitabu, na mara nyingi wanachokisoma ni hofu yao wenyewe. Mimi na mke wangu tulibishana kwa muda mrefu kuhusu kwa nini binti yetu ameacha kwenda kwaya, mpaka tulipomuuliza, naye akatueleza kwa sentensi mbili. Kwa hiyo nikisema tujue upande ambao mtu atabadilikia, sikusudii kupeleleza. Nakusudia kuuliza mapema, kwa sauti ya kawaida, na kuamini jibu.

Kuna swali moja ambalo vijana wanaojifunza kwangu huniuliza kila mara, nalo ni jinsi ya kujua kwamba ubao sasa umekauka na unaweza kuufanyia kazi. Vipo vifaa vya umeme vya kupima unyevu, lakini karakana nyingi za hapa hazina, na njia ya zamani bado ni ya kuaminika. Unakata kipande kutoka katikati ya rundo, si cha mwisho wa ubao, unakipima kwenye mizani ya dukani, unaandika uzito juu yake kwa penseli, unakirudisha mahali pake. Wiki inayofuata unakipima tena. Mwanzoni uzito hushuka haraka, kisha taratibu, kisha inafika wiki ambayo namba ni ile ile ya wiki iliyopita, na inayofuata pia. Hapo ubao umepatana na hewa ya mahali ulipo. Utaendelea kubadilika kidogo kwa majira, na kwa hilo utaachiwa nafasi kwenye mfuo, lakini mabadiliko makubwa yamekwisha.

Baba mkubwa alitumia kipimo hicho hicho kwenye vikao vyetu, ingawa hakukiita hivyo. Kila tulipokutana alimtaka kila mmoja aseme upya anachokitaka, bila kukumbushwa alichosema mara iliyotangulia, na dada aliandika. Desemba ya kwanza maneno yalikuwa bado yanashuka uzito. Dada, ambaye siku ya mazishi hakutaka kitu, sasa alisema anataka kipande chake, na kuna mjomba aliyeguna, lakini baba mkubwa alimkumbusha kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na kwamba hata isingekuwepo sheria hiyo, aliyemuuguza marehemu ni huyu binti. Kaka alitaka kipande cha chini pamoja na fidia ya bati. Mdogo wetu, aliyekuwa tayari kutoa kila kitu, alikuwa ameanza kuona kwamba ana mke na mtoto njiani. Tulipokutana tena wakati wa Pasaka, kaka hakutaja tena fidia. Desemba iliyofuata kila mmoja alirudia yale yale aliyoyasema Pasaka, karibu kwa maneno yale yale, na baba mkubwa akafunga daftari akasema tuite mwenyekiti wa kitongoji aje kushuhudia.

Mgawanyo uliandikwa siku hiyo. Nyumba na kahawa inayoizunguka ni ya mdogo wetu, na mama atakaa humo maisha yake yote. Kaka alipata kipande cha chini. Dada alipata upande wa mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia, nami nikapata sehemu ndogo iliyo juu ya barabara, ambayo inanitosha kwa kuanika mbao. Mipaka ilipandwa masale, ile mimea ambayo Wachaga huitumia kuonyesha mpaka, kama ilivyo desturi, na kati ya kipande cha kaka na cha dada tuliacha njia ya hatua nne ambayo si ya mtu yeyote, kwa kuwa kila mmoja wao anaweza siku moja kuhitaji kupitisha ng'ombe, gari au jeneza. Ule mringaringa mkubwa uliosimama kando ya mfongo haukuingizwa kwenye fungu la yeyote. Kaka angependa upasuliwe mbao akijenga, mama hataki uguswe, na hata tukikubaliana itabidi kuomba kibali cha kuukata. Umeandikwa kuwa ajenda ya kwanza ya kikao cha Desemba hii.